Diski za Kufukuzia Ndege

Ukutani juu ya meza yangu ofisini kulikuwa na karatasi niliyoichapisha kwa herufi kubwa: AKIBA HAIOZI. Chini yake niliandika jina langu, Elphas Njura, na cheo nilichojipa mwenyewe, Mtaalamu wa Mifumo. Barua yangu ya kuajiriwa inasema "karani wa kompyuta", lakini hiyo niliiweka mahali ambapo mgeni hawezi kuiona.

Ninafanya kazi Meru mjini, katika ofisi ya chama cha wakulima wa makadamia, ghorofa ya kwanza, upande unaosikia kelele za soko la Gakoromone. Mimi mwenyewe ni mtu wa Karurumo, kule Embu, na wenzangu hawajaacha kunikumbusha. Kazi yangu ni kubadilisha wino wa printa, kuwaambia watu wazime kompyuta kisha wawashe, na kutunza seva ya barua pepe. Seva ile ilikaa chini ya ngazi, mashine nene ya kijivu iliyonguruma mchana kutwa, na ndani yake mlikuwa na masanduku ya barua ya watu arobaini na watatu. Kila Ijumaa saa tisa nilichomeka diski ya nje, nikabonyeza kitufe kimoja, nikasubiri kioo kiandike "Kazi imekamilika", kisha nikaifungia diski kwenye droo kwa ufunguo. Mtu akipita wakati huo, nilikunja uso kama daktari aliye katikati ya upasuaji.

Seva niliirithi kwa Mzee Njue, aliyestaafu miaka sita iliyopita. Njue alikuwa na desturi moja niliyoicheka hadharani, tena kwenye sherehe ya kumuaga, mbele ya keki. Kila Desemba alinakili masanduku yote kwenye diski ya DVD, akaandika mwaka kwa kalamu nyeusi, akaitia kwenye mkebe wa biskuti. Alinikabidhi mkebe ule kwa mikono miwili.

"Kijana, hizi zisilale nyumba moja na seva," aliniambia. "Nyumba ikichomeka, mbegu isichomeke nayo."

Nikamjibu kwamba siku hizi, mzee, mambo ni ya kisasa. Watu wakacheka. Njue hakucheka, aliendelea kula keki yake. Wiki hiyohiyo nilikwenda nyumbani, nikampa mama yangu diski zote nane azitundike kwenye mtama, maana ndege walikuwa wakimmaliza, na diski inayometameta juani huwatisha kuliko mtu. Nilijiona nimemaliza kazi mbili kwa safari moja.

Basi mwaka huu, mwezi wa Juni, meneja wetu Madam Lorna aliamua tuhame. Barua zote zitoke kwenye ile mashine ya chini ya ngazi, ziende kwenye seva mpya ya kukodi iliyoko Nairobi. Niliandika tangazo nikalibandika hadi mlango wa choo: "Masanduku yenu yatahamishwa mwisho wa wiki. Hakuna kitakachopotea. Nawahakikishia. E. Njura." Ofisini kwetu hakuna jambo linaloanza bila maombi, na Ijumaa ile Auntie Gatakaa ndiye aliyeombwa atuombee.

Auntie Gatakaa ni sekretari wetu, mwanamke wa Muthara mwenye miaka hamsini na tisa, na Desemba anastaafu. Hakuolewa wala hana mtoto, na kila mtu, hata Madam Lorna, humwita Auntie. Alifumba macho akasema, "Bwana, barua zetu zinahama. Zifike zote, hata zile ndogo." Wengine wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimefungua jicho moja nikitazama saa.

Jumamosi asubuhi nikaanza. Intaneti yetu hutembea kama mgonjwa, na mashine ikaniambia kazi itachukua siku nne. Nikatazama kinachokula nafasi. Karibu nusu ya mzigo ulikuwa kwenye folda ya Takataka, kwa sababu ile seva ya zamani haikuwahi kuifuta hata mara moja. Nikacheka peke yangu. Ni nani anayehama nyumba akabeba na takataka zake? Nikaondoa alama kwenye Takataka, masanduku yote arobaini na matatu, na siku nne zikawa mbili.

Jumatatu kila mtu alikuta barua zake mahali pake. Madam Lorna akaninunulia soda, nikaombwa niseme machache, nikasema mengi. Jumanne, kwa kuwa ile mashine ya zamani ilikuwa ipewe shule, nikaifuta. Kufuta mara moja kunatosha. Mimi nilifuta mara saba, kwa sababu nilisoma mahali kwamba majasusi ndivyo wanavyofanya.

Jumatano Auntie akaja mezani kwangu.

"Njura, muga," akanisalimu kwa Kimeru.

"Muga, Auntie."

"Kwa email yangu kuna kitu haiko. Ile ya takataka iko empty."

"Hiyo ni takataka, Auntie. Niliiacha makusudi."

"Uliacha?"

"Ndiyo. Trash ni trash," nikasema, nikacheka, tena kwa sauti ili wa meza ya pili wasikie.

Auntie akavuta kiti akaketi. "Kwenu Karurumo mko na shimo ya takataka?"

"Tuko nalo."

"Mama yako hutoa nini huko?"

"Mbolea."

"Na nini ingine?"

Nikafikiri. Nyuma ya nyumba yetu, juu ya lundo la majivu na maganda, huota maboga makubwa kuliko yote ya shambani, na hakuna aliyeyapanda. "Maboga," nikasema, na sasa sikuwa nacheka.

"Haya. Tangu wakati wa Njue kila mwezi mnaniandikia, Auntie sanduku imejaa, delete, delete. Mimi nikaona, kama sitting room hakuna nafasi, wacha nirundike nyuma ya nyumba. Huko hakuna mtu huchungulia, na Njue hakuwahi fagia huko. Kila kitu yangu ya maana iko huko. Barua ya Mwirigi iko huko."

Mwirigi alikuwa kaka yake mkubwa, aliyefia Kanada miaka mitatu iliyopita. Habari ile nilikuwa nimeisikia nusunusu kwenye chai. Hati ya shamba lao la Muthara bado ina jina la babu yao. Auntie ndiye aliyebaki nyumbani, akawauguza wazazi, akawazika, na mwaka wa 2017 Mwirigi alimwandikia kwa barua pepe ya ofisi, anwani pekee aliyoijua, kwamba kile kipande cha chini karibu na mto ni chake. Sasa mtoto wa Mwirigi alikuwa amerudi na kusema shangazi hana haki ya ardhi. Auntie alipowapelekea wazee wa ukoo barua aliyoichapisha, wakasema karatasi kila mtu anaweza kuandika. Wanataka kuiona kwenye kompyuta, na tarehe yake, na ilikotoka. Jumamosi saa nne asubuhi wangekaa kwa mara ya mwisho. Auntie hakuwa na nyumba nyingine ya kustaafia. Alikuwa amepanga chumba Meru mjini kwa miaka thelathini, akingoja kurudi pale mtoni.

"Lakini si uko na ile ya Ijumaa?" akauliza, akinyoosha kidole kwenye karatasi yangu ya ukutani.

"Niko nayo!" nikasema, na moyo ukanirudi mahali pake. Nilitoa ufunguo kwa madaha, nikafungua droo, nikachomeka diski. Folda zilikuwa zimejipanga vizuri, Ijumaa baada ya Ijumaa, kila moja na tarehe yake. Nikafungua ya mwisho. Tupu. Nikafungua iliyotangulia. Tupu. Nikafungua ya Februari, ya Desemba, ya Agosti mwaka jana, na kadiri nilivyozidi kufungua ndivyo masikio yangu yalivyozidi kuwa moto.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la kitoto. Miezi kumi na minne nyuma, nafasi ilipokwisha kwenye seva, niliyahamishia masanduku kwenye diski nyingine humohumo ndani. Nikasahau kuuambia ule mpango wangu wa Ijumaa. Ukaendelea kwenda palepale pa zamani, ukakuta hakuna kitu, ukakinakili kwa uaminifu, kisha ukaniandikia "Kazi imekamilika". Ijumaa sitini. Na nakala nzuri za kabla ya hapo nilizifuta mwenyewe, kwa kanuni niliyoitunga ya kutohifadhi chochote kilichozidi mwaka mmoja. Katika muda wote huo sikujaribu hata mara moja kurudisha barua moja nione kama inarudi.

Kweli akiba yangu haikuoza. Kitu kisichokuwepo hakiozi.

Ningependa kusema kwamba nilimwambia Auntie ukweli palepale. Nilimwambia kuna hitilafu ndogo. Nilikuwa hata nimeanza kutunga uongo mwingine, kwamba watu wa Nairobi ndio waliopoteza. Auntie alinitazama kwa muda, kisha akatazama diski, kisha akainuka.

"Jumamosi saa nne," akasema, akarudi kwenye meza yake na kuendelea kupiga chapa barua za watu wengine. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Alhamisi asubuhi nilishuka Gakoromone, kisingizio chai, ukweli ni kwamba sikuweza kukaa chumba kimoja naye. Mama mmoja alikuwa anapimia mteja mtama kwa mkebe wa gorogoro. Nikasimama nikautazama mtama ule unavyomiminika. Nadhani alidhani nataka kununua. Nikaiacha chai bila hata kuiagiza, nikampigia Madam Lorna kuomba ruhusa, na kabla ya saa saba nilikuwa Karurumo.

Sikupita nyumbani kusalimu. Niliteremka moja kwa moja hadi kwenye shamba la mtama, nikazikuta diski zikining'inia kwa kamba za mkonge. Zilikuwa nne. Jua la miaka sita lilikuwa limezila, ile rangi ya fedha imebambuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Moja ilikuwa bado na mwandiko wa Njue, 2017, na niliiinua juu nikaona mawingu kupitia katikati yake. Nikakaa chini katikati ya mtama nikiwa na suruali yangu ya ofisi.

Mama yangu, Ciakuthii, alinikuta hapo. Alisimama na jembe lake akanitazama kwa utulivu.

"Elphas, umeingia kazi ya kufukuza ndege?" akaniuliza kwa Kiembu.

"Mama, zile diski nyingine ziliharibika lini?"

"Zipi nyingine?"

"Nilikupa nane."

"Ulinipa nane, nikatundika nne." Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua hutokea upande gani. "Ni nani hupanda mbegu yote siku moja?"

Jikoni kwa mama kuna itara, lile dari la fito juu ya meko ambapo moshi hulinda mbegu zisiliwe na fukusi. Alipanda kigoda, akapapasa nyuma ya mahindi, akatoa mkebe wa Njue uliofungwa kwa kipande cha leso kuukuu. Ndani zilikuwamo 2012, 2014, 2016 na 2018, zinanuka moshi, hazina mkwaruzo.

Nilitaka kulia. "Ninayoitaka ni ya 2017," nikasema.

"Hiyo iko kwa ndege."

Nikakaa pale mekoni nikiwa nimeshika mkebe. Mama alirudi kwenye shughuli yake ya kujaribu mbegu za msimu ujao. Alitoa punje kumi za maharagwe kwenye chungu, akazifunga kwa kitambaa chenye maji, akaziweka pembeni. Ndivyo afanyavyo kila msimu. Zikiota nane, mbegu ni nzima. Zikiota tatu, anakwenda kwa jirani yake Ruguru kuchukua zile alizomwachia. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, kisha nikaenda chuo miaka miwili kujifunza kuhifadhi vitu, nikarudi nisijaribu hata punje moja.

Ndipo akili ikanijia, kwa kuchelewa kama kawaida yake. Njue hakuwa akinakili barua za mwaka mmoja. Kila Desemba alinakili sanduku zima, tangu mwanzo. Na Auntie hakuwahi kutupa kitu. Kilichoingia kwenye lundo lake mwaka wa 2017 kilikuwa bado kipo Desemba ya 2018. Nilimkumbatia mama na jembe lake pamoja. Aliniuliza kama nimekula.

Ijumaa ofisini hakukuwa na mashine hata moja yenye mdomo wa DVD, isipokuwa ile seva ya zamani niliyoifuta mara saba, iliyokuwa ikingoja gari la shule. Nikairudisha chini ya ngazi, nikaiwekea mfumo upya, nikatia diski ya 2018. Ikaikataa. Nikaifuta masizi kwa pindo la shati, nikaitia tena. Ikaikataa. Mara ya tatu nilimwita Auntie asimame karibu, na kwa mara ya kwanza nikafumba macho yote mawili. Mashine ikanguruma, ikasita, kisha majina yakaanza kuteremka kwenye kioo. Lilipofika lake, ndani yake mlikuwa na Takataka, na ndani ya Takataka barua elfu sita na mia mbili.

Auntie aliisoma ya Mwirigi kwa midomo bila sauti. Alipomaliza akavua miwani.

"Irudishe palepale," akasema.

"Auntie, hii seva mpya hufagia Takataka kila siku thelathini."

Tukakubaliana nimfungulie folda mpya. Aliipa jina mwenyewe: Mbolea. Kisha nikavuta pumzi nikamwambia habari ya Ijumaa sitini, yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua," akasema. "Uso wako haujui kudanganya. Kesho utakuja na mimi."

Wazee walikuwa saba, kwenye mabenchi ya ukumbi wa kanisa pale Muthara. Nilikuwa nimevaa tai. Nikafungua kompyuta, nikawaonyesha barua, tarehe, anwani, na mistari inayoonyesha ilivyopita kutoka Kanada hadi Meru. Mtoto wa Mwirigi, kijana mtulivu wa miaka thelathini hivi, akasimama.

"Wazee, kitu kama hii hata mimi naweza tengeneza leo. Muulizeni kwa nini haikuwa mahali barua hukaa. Muulizeni imetoka wapi."

Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, akanigeukia. "Swali nzuri. Jibu."

"Kama mtaalamu wa mifumo," nikaanza, "naweza kuthibitisha kwamba nakala hii ilitokana na..."

"Hatukuuliza wewe ni nani. Tumeuliza imetoka wapi."

Nilikuwa na maelezo mazuri tayari, yenye maneno makubwa, na kila neno lingenifunika mimi na kumwacha Auntie wazi. Nikamtazama. Alikuwa ameshika mkoba wake magotini kwa mikono miwili, kama mtu anayengoja jina lake liitwe hospitalini. Nikalegeza tai nikaanza upya. Niliwaambia kuhusu takataka nilizozicheka, na kufuta mara saba. Nikaeleza Ijumaa sitini na ule uso wangu wa daktari, keki ya Njue, mtama, na mama yangu aliyeniuliza kama nimeingia kazi ya kufukuza ndege. Nikatoa mfukoni ile diski ya 2017, bado na kamba yake ya mkonge, nikampa mwenyekiti. Aliiinua akatazama dirisha kupitia katikati yake. Mzee mmoja alikuwa amevua kofia anajifuta machozi kwa kucheka, mwingine alikuwa anampiga jirani yake goti. Sikuwahi kuchekwa hivyo, na watu saba wote kwa pamoja.

Walipotulia, mwenyekiti akamwambia kijana, "Mwongo hujipamba. Ungekuwa wewe unatunga uongo, ungejiweka ndani yake ukiwa mjinga tangu mwanzo mpaka mwisho?"

Mwenyekiti akamwita aje asome barua mwenyewe. Aliinama juu ya kompyuta yangu muda mrefu. Mwirigi alikuwa ameandika kwamba kwenye kile kipande cha mtoni ndipo alipomfundishia mwanawe kuogelea, na kwamba Gatakaa ndiye aliyewangoja ukingoni na nguo kavu. Kijana akanyoosha mgongo.

"Ni yeye," akasema, akaenda kukaa, na baada ya kitambo akahama benchi akakaa kando ya shangazi yake.

Karani wa wazee aliandika uamuzi kwenye daftari, na chini yake maelezo ya shahidi, akanipa nitie sahihi. Nilisoma alivyoniandika: "Elphas Njura, karani wa kompyuta, amekiri mbele ya wazee kwamba kwa wiki sitini alihifadhi hewa." Nikatia sahihi.

Nakala ya karatasi hiyo iko kwenye itara ya mama Karurumo, nyingine iko kwa Auntie, ikingoja kuhamia naye mtoni, na ya tatu nimeibandika ukutani ofisini mahali palipokuwa na ile ya zamani. Kila Ijumaa saa tisa, kabla ya kusema kazi imekamilika, mimi huchagua barua kumi kwenye diski, nikazirudisha, nikangoja nione ni ngapi zitaota.